Supu ya Kichwa Karibu na Soko la Wakulima, Nakuru: Nilichokula, Nilichokiacha na Sababu Zake

Hoteli hii haina bango. Iko hatua chache kutoka Soko la Wakulima mjini Nakuru, kwenye safu ya vibanda vya mabati ambavyo moshi wake huanza kuonekana alfajiri, na wanaoifahamu huitambua kwa sufuria mbili kubwa zilizoinjikwa mlangoni na kwa gogo la mti lililobonyea katikati kama kinu, ambalo juu yake vichwa vya ng'ombe hupasuliwa. Jina la mwenyewe sitalitaja, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimeziona katika hoteli nyingi za aina hii kuanzia Nakuru hadi Kisumu, na haitakuwa haki kumtwika mtu mmoja mzigo wa wengi. Nimekula hapo mara tatu katika muda wa mwezi mmoja. Mara ya kwanza nilifuatana na shemeji yangu, mume wa dada yangu, aliyekuja likizo kutoka Marekani, na swali lake kuhusu kichaa cha ng'ombe, ugonjwa wa ubongo unaoweza kumwingia binadamu, ndilo lililonifanya niandike kwa kirefu kuliko kawaida ya watu wanaosifu supu.

Nianze na chakula, kwa kuwa ndicho kinachowapeleka watu pale. Supu huinjikwa saa sita usiku, povu la kwanza huondolewa kwa upawa hadi maji yatakate, na haitiwi kitu kingine isipokuwa chumvi, vitunguu na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi nyama ya shavu huwa inaachana na mfupa bila kuvutwa, na ulimi umekwisha kuambuliwa ngozi yake ngumu, kazi ambayo wapishi wavivu huikwepa. Kikombe cha supu ni shilingi 50, sahani ya nyama ya kichwa ni shilingi 200, na chapati, ambazo hupikwa mteja akitazama, ni shilingi 20 kila moja. Mama anayehudumu huleta pilipili, dania na ndimu kabla hajaulizwa, na penye maji ya kunawa sijakosa sabuni hata siku moja. Kwa ladha na kwa usafi wa meza sina lawama.

Asubuhi hiyo, kwa kuwa tulikuwa na mgeni, mwenye hoteli mwenyewe alituletea kisahani cha ubongo uliochemshwa kisha ukakaangwa kwa kitunguu na nyanya, akasema ni wa heshima na hatatudai chochote. Shemeji alikitazama kwa muda, kisha akakisogeza upande wangu taratibu.

"Unisamehe, shemeji, hiki sili," aliniambia. "Si kwamba nadharau. Mimi nilikuwa Uingereza wakati ule wa kichaa cha ng'ombe."

Alisomea uhandisi mjini Leeds kuanzia 1987 hadi 1991, akala kama wanafunzi wote, yaani baga na soseji za bei ya chini kabisa dukani. Baadaye alihamia Marekani, na siku alipokwenda kutoa damu aliulizwa kama aliwahi kuishi Uingereza kati ya 1980 na 1996. Alipojibu kwamba aliishi huko miaka minne, aliambiwa kwa upole kwamba damu yake haiwezi kupokewa. Katazo hilo liliondolewa huko Marekani mwaka 2022, lakini kwa miaka yote hiyo mtu mzima mwenye afya yake alikuwa akijiuliza ni nini hasa kilichomo ndani ya kichwa chake.

Mwenye hoteli alikuwa angali amesimama hapo na aliyasikia yote. "Mzee," alinigeukia mimi, "huu umechemka tangu usiku wa manane. Ni ugonjwa gani unaoweza kubaki humo?" Kijana anayepasua vichwa akaongeza kutoka kwenye gogo lake kwamba kichaa huletwa na mbwa, na ng'ombe hawa hawakuumwa na mbwa. Nilikagua nyama kwa miaka 26 katika vichinjio vya Nakuru kabla ya kustaafu, na hoja hizo mbili nimezisikia mara nyingi mno kutoka kwa watu waaminifu wanaoipenda kazi yao. Niliweka kikombe chini nikawajibu, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyowaambia pamoja na mengine ambayo hayakupata nafasi kwenye meza ya watu wenye haraka.

Ugonjwa wa ubongo wa ng'ombe unaweza kumwingia binadamu, na umekwisha kumwingia. Ule ambao kwa Kiswahili huitwa kichaa cha ng'ombe ulitambuliwa Uingereza mwezi wa Novemba 1986, wataalamu walipotazama kwa hadubini ubongo wa ng'ombe waliokuwa wakiyumba na kuukuta umejaa vitundu kama sifongo. Kwa miaka kumi hivi wakubwa wa serikali ya huko waliwahakikishia raia kwamba hakuna hatari; mwaka 1990 waziri wa kilimo, John Gummer, alijitokeza mbele ya kamera akimpa binti yake mdogo baga ili watu watulie. Kisha tarehe 20 Machi 1996 waziri wa afya, Stephen Dorrell, alisimama bungeni akaeleza kwamba watu kumi wenye umri mdogo walikuwa wamepatwa na ugonjwa wa ubongo wa aina mpya, na kwamba maelezo yenye uzito zaidi ni kuwa waliupata kutokana na ng'ombe. Tangu hapo Uingereza imehesabu watu 178 waliopatwa na ugonjwa huo, na dunia nzima ni zaidi ya 230. Ng'ombe waliothibitishwa kuugua Uingereza pekee ni zaidi ya 180,000, na mamilioni wengine wasioonyesha dalili walichinjwa na kuteketezwa ili kuukata.

Idadi ya watu hao si kubwa ukiilinganisha na ajali za barabara yetu ya Nakuru kwenda Eldoret katika miaka michache tu, na mtu anaweza kuuliza kwa nini tuisumbukie. Nilimwambia mwenye hoteli aitazame namna walivyokufa. Nusu ya wagonjwa wa Uingereza walikufa kabla ya kutimiza umri wa miaka 29 hivi. Ugonjwa ulianza kwa huzuni isiyo na sababu, wasiwasi, kujitenga na wenzao, maumivu ya miguu na mikono ambayo daktari hakuweza kuyaeleza. Baada ya miezi mtu akaanza kuyumba, akapoteza kumbukumbu, akashindwa kuzungumza, na katika muda wa mwaka mmoja na miezi kadhaa akawa amekufa. Hapakuwa na dawa wakati huo, na hata sasa hakuna. Upo pia ugonjwa wa zamani unaofanana na huo, ulioelezwa na madaktari wa Ujerumani tangu miaka ya 1920, ambao huwapata wazee wa miaka ya sitini na kuendelea, mtu mmoja au wawili kwa kila milioni kila mwaka, popote duniani. Huo hautokani na ng'ombe, na ni kosa kumwonea muuza nyama kwa sababu babu ya mtu ameupata.

Sasa nirudi kwenye sufuria. Mwenye hoteli anauamini moto, na kwa maradhi mengi imani hiyo imejengwa juu ya mwamba, kwa maana mchemsho wa saa sita unaua minyoo ya tegu, unaua viini vya homa ya kutupa mimba, na unaua vimelea karibu vyote vya tumbo. Lakini kinacholeta kichaa cha ng'ombe hakina uhai wa kuuawa. Ni protini, ile ile ambayo mimi na wewe tunayo katika ubongo, ila imekunjika vibaya, na kila inapogusana na iliyo nzima huifanya nayo ikunjike vibaya, hadi seli za ubongo zinaanza kufa na kuacha vile vitundu. Stanley Prusiner wa Marekani aliipa jina la prioni mwaka 1982, na ingawa wenzake wengi walikataa kuamini kwamba kitu kisicho hai kinaweza kuambukiza, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Vifaa vya hospitali vinavyoshukiwa kuigusa hupikwa kwa mvuke wa shinikizo katika nyuzi 134 kwa dakika 18, na hata hapo wataalamu wengi huona ni afadhali kuvitupa. Nakuru iko juu kiasi cha mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na maji ya sufuria hapa huchemka kabla ya kufika nyuzi 95. Usiku mzima wa kuni haufiki hata karibu.

Hoja ya kijana ilinigusa zaidi, kwa sababu kosa lake limetokana na lugha yenyewe. Tunasema kichaa cha mbwa, tunasema kichaa cha ng'ombe, na masikio yanasikia ugonjwa mmoja wenye wanyama wawili. Ni maradhi mawili yasiyo na udugu wowote. Kichaa cha mbwa ni kirusi, huingia kwa mate ya mnyama aliyeugua, na dalili zikishaanza humwua ng'ombe kwa siku chache akidondosha mate na kulia kwa sauti iliyokwaruza. Kichaa cha ng'ombe hakiingii kwa kuumwa, bali huliwa, kisha hukaa ndani ya mnyama kwa miaka minne au mitano bila dalili yoyote, na kinapojitokeza mnyama huanza kushtuka kwa sauti ndogo, kumpiga mateke mkamaji aliyemzoea, kupungua maziwa na kuanguka kwa miguu ya nyuma, na hali hiyo huendelea kwa majuma au miezi.

Huliwa namna gani, na ng'ombe hali nyama? Hapo ndipo shemeji, aliyeishi katikati ya habari hizo bila kuzifuatilia, alipoacha kula akanisikiliza. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vikichukua mabaki ya kichinjioni, yaani mifupa, vichwa na matumbo, vinayapika na kuyasaga, na unga huo ukachanganywa katika chakula cha ndama na ng'ombe wa maziwa ili wapate protini ya bei nafuu. Ng'ombe mmoja aliyeugua akawa chakula cha mamia. Mwezi wa Julai 1988 serikali ikapiga marufuku kuwalisha ng'ombe unga huo, lakini ikaruhusu uendelee kulishwa nguruwe na kuku, na unga wa nguruwe ukasagwa katika mashine zile zile zilizosaga chakula cha ng'ombe. Ng'ombe zaidi ya 40,000 waliozaliwa baada ya marufuku hiyo waliugua vilevile. Majaribio yaliyofanywa baadaye yalionyesha kwamba milligramu moja tu ya ubongo wenye ugonjwa, kiasi ambacho kingepotea kwenye ncha ya kucha, inatosha kumwambukiza ndama. Mwaka 1996 unga wa nyama na mifupa ukakatazwa kwa mifugo yote ya shambani, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanza kwisha kweli.

Upande wa watu, hatari haikuwa katika mnofu wala katika maziwa. Nyama ya paja, ya mbavu na ya shavu haijaonyesha kuambukiza, na maziwa pia. Waliopata ugonjwa hawakuupata kwa kunywa chai. Karibu nguvu yote ya ugonjwa ilikuwa katika ubongo na katika ule ugwe mweupe unaopita ndani ya uti wa mgongo, kisha kwa kiasi kidogo katika macho, tezi za kooni na sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Hao vijana wa Uingereza wengi wao hawakuwahi kuagiza sahani ya ubongo. Yaelekea waliula bila kujua, kwa sababu mashine zilikuwa zikikwangua uti wa mgongo ili kupata nyama ya mwisho iliyoshikilia mfupa, na ujiuji huo, pamoja na vipande vya ugwe, ukaingia katika baga na soseji za bei ya chini. Niliposema hivyo shemeji aliinamisha kichwa, nami nikaona nimwambie na lililo la faraja: kati ya mamilioni waliokula vitu hivyo, wengi mno hawakuugua, na karibu wote waliougua walikuwa na aina moja ya jeni inayohusika na protini hiyo. Sikumficha kwamba uchunguzi wa vidole tumbo zaidi ya 32,000 vilivyokatwa hospitalini huko Uingereza ulikuta protini mbovu kwa takriban mtu mmoja kati ya kila 2,000, na kwamba wengi wa watu hao huenda wataishi na kufa kwa sababu nyingine kabisa.

Baada ya maelezo hayo niliinuka kutazama vichwa, kwa kuwa tathmini ya hoteli ya supu inayoishia mezani haina maana. Vilikuwa vitatu, vimepangwa juu ya gunia safi. Jambo la kwanza nililotafuta ni mikato ya mkaguzi. Kichwa kilichokaguliwa kina mikato mirefu kwenye misuli ya shavu, pande zote mbili, ambako mkaguzi hutafuta vifuko vya minyoo ya tegu, na tezi zake huwa zimefunuliwa na kupasuliwa. Vichwa vyote vitatu vilikuwa na mikato hiyo. Hili ni jambo la kusifiwa, kwa sababu kichwa hakibebi mhuri kama paja linavyobeba, na mteja anayetaka kujua kama mnyama alipita mbele ya mkaguzi hana ushahidi mwingine isipokuwa shavu. Mnyama aliyeyumba au kudondosha mate kichinjioni hazuiwi na sufuria, huzuiwa na mkaguzi aliyemtazama akiwa hai.

Jambo la pili lilikuwa meno. Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu, na la chini lina manane. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani huota anapokaribia miaka miwili, na jino la tatu likishachomoza huhesabiwa kwamba amepita miezi 30. Umri huo una maana kubwa, kwa sababu ubongo wa mnyama aliyeambukizwa huwa hatari zaidi miaka inaposonga, na kwa karibu miaka kumi baada ya 1996 Uingereza haikuruhusu mnyama aliyepita miezi 30 kuliwa na watu. Vichwa viwili vilikuwa vya maksai wadogo, wenye nyuso fupi za ng'ombe wa Baringo, na jozi moja tu ya meno makubwa yaliyo meupe bado. Cha tatu kilikuwa kichwa kipana cha Friesian, meno yote manane yamelika hadi karibu na ufizi, bila shaka ng'ombe wa maziwa aliyezaa mara nyingi na kuuzwa alipochoka. Hapo nikamwuliza mwenye hoteli ubongo ulioletwa mezani ulitoka katika kichwa kipi. Alinyoosha kidole kwenye karai moja la plastiki. Ubongo wa vichwa vyote ulikuwa humo, umechanganywa.

Hiyo ndiyo kasoro yangu ya kwanza, na sitaki mtu aikuze kupita kiasi. Kenya haimo katika orodha ya nchi zilizowahi kuripoti kichaa cha ng'ombe. Ng'ombe wengi wanaofika katika vichinjio vyetu wamekula majani, matete na mabua ya mahindi maisha yao yote, na maksai wa Baringo hajawahi kuonja chakula cha gunia, kwa hiyo ule mzunguko wa Uingereza haukuwahi kupata pa kuanzia kwao. Lakini ng'ombe wa maziwa wa Bahati, Njoro na Molo ni hadithi nyingine. Huyo hulishwa chakula cha gunia kila siku tangu akiwa ndama, na kule Uingereza pia ugonjwa ulikuwa zaidi wa ng'ombe wa maziwa kwa sababu hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, kuna aina ya ugonjwa huu ambayo hujitokeza yenyewe kwa ng'ombe mzee mmoja mmoja bila chakula kuhusika, kama ilivyoonekana Brazil mwaka 2021 na tena mwaka 2023. Mwaka 2018 wataalamu walieleza ugonjwa wa prioni kwa ngamia wa Algeria, bara letu hili hili, ingawa haujaonyeshwa kuwapata watu. Kwa hiyo rai yangu kwa mwenye hoteli ilikuwa ya gharama ndogo: ubongo wa mnyama mwenye meno mengi makubwa usiuzwe kabisa, na kila kichwa kiwe na karai lake. Kuhusu mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama na damu, ambao jirani yake anachoma kila jioni na ambao mimi naupenda, kanuni ni ile ile: utumbo wa mnyama mdogo ni bora kuliko wa mkongwe.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo haihusu anayekula bali kijana anayepasua. Anatumia shoka, na ni fundi kweli. Pigo moja kati ya pembe, pigo la pili chini ya jicho, fuvu linafunguka kama nazi. Lakini alikuwa mikono mitupu, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa na jeraha bichi lililofungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Nilipokuwa nimesimama hapo, kipande cha mfupa kiliruka kikampiga chini ya jicho, akajifuta kwa nyuma ya mkono wenye damu akaendelea na kazi. Ugonjwa wa ubongo wa ng'ombe ninaouogopa zaidi nchini Kenya ni ule aliouona kijana huyu kuwa hauhusiki, kichaa cha mbwa. Ng'ombe hung'atwa na mbwa koko usiku bila mwenyewe kujua. Wiki kadhaa baadaye anaanza kukohoa na kudondosha mate, mfugaji anadhani amekwamwa na gunzi la mahindi, anatia mkono kinywani kuliondoa, na kumbe mkono huo umeingia ndani ya mate yenye kirusi. Nimeshuhudia wazee wa heshima wakifanya hivyo. Supu iliyochemka haina hatari ya kirusi hicho, kwa sababu hicho kweli hufa kwa moto, lakini ubongo mbichi na mate juu ya jeraha au machoni ni jambo jingine, na dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu hakuna daktari anayeweza kumrudisha. Anayeshuku ameguswa aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo.

Nilimwambia kijana: "Mwanangu, usifanye kazi hii tena bila glavu nene na miwani ya kukinga macho, na ukiwa na jeraha mwachie mwingine shoka." Alisema ameelewa. Mwenye hoteli hakusema kitu, lakini alikitazama kile kidole kwa muda mrefu.

Nyuma ya kibanda palikuwa na magunia manne ya mifupa, na ndani yake mafuvu yaliyopasuliwa, mengine yakiwa bado na utando na mabaki ya ubongo ndani. Nilielezwa kwamba mwenye pikapu hupita kila Ijumaa, huyanunua kwa kilo, na mifupa husagwa kuwa chakula cha kuku na nguruwe. Hapa niliona Uingereza ya 1988 imeketi nyuma ya hoteli ya Nakuru. Kuku hapati ugonjwa huu. Lakini mashine inayosaga chakula cha kuku asubuhi ndiyo inayoweza kusaga cha ng'ombe alasiri, na kule kwetu Bahati wapo wafugaji wanaokusanya samadi ya kuku pamoja na chakula kilichomwagika, wanaikausha na kuichanganya katika chakula cha ng'ombe kwa sababu ina protini na haina bei. Tunayo protini isiyo na shaka hiyo: mashudu ya pamba na ya alizeti, soya, lusina tunayoweza kuipanda wenyewe kwenye mipaka ya shamba, na kwa kuku na nguruwe ipo omena inayoletwa kutoka Kisumu. Mimi nina ng'ombe watatu, na kabla ya kununua gunia lolote husoma kilichoandikwa juu yake, na pale palipoandikwa mifupa au mabaki ya nyama hulirudisha hata kama ni la bei nafuu. Muuzaji asiyejua kilichomo ndani ya gunia lake simlaumu, ila sinunui kwake.

Shemeji aliniuliza tulipokuwa tukirudi nyumbani kama ningeula ule ubongo mimi mwenyewe. Nilimjibu kwamba nimewahi kuula mara nyingi nikiwa kijana, kwamba sina hofu juu ya hao niliowala, na kwamba ubongo wa maksai wa Baringo ningeula hata kesho. Wa Friesian yule, hapana. Akaniuliza tena kama miaka 30 na zaidi bila dalili inatosha kumtoa wasiwasi. Nikamweleza habari za watu wa kabila la Fore huko Papua New Guinea, waliokuwa wakila miili ya ndugu zao waliokufa kama ibada ya maziko, wakaugua ugonjwa wa prioni ulioua hasa wanawake na watoto. Desturi hiyo iliisha karibu na 1960, na wa mwisho waliugua zaidi ya miaka 40 baadaye. Ni wachache mno waliochelewa hivyo. Alinishukuru kwa kutompaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na usiku huo alilala vizuri, au ndivyo dada yangu alivyoniambia.

Nilirudi baada ya wiki mbili, peke yangu. Supu ilikuwa ile ile, nzuri, na mama aliyehudumu alinikumbuka akaniletea ndimu mbili. Kijana alikuwa amevaa glavu nyekundu za mpira zinazofika kwenye kiwiko. Miwani haikuwepo bado. Makarai yalikuwa matatu. Niliagiza shavu na ulimi na chapati mbili, nikala zote.

Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa, nikakusudia kumkuta mwenye pikapu. Hakuja mapema, na tulikaa na mwenye hoteli tukizungumza juu ya mafuvu. Aliniambia wazi kwamba mwenye pikapu humlipa na shimo halimlipi, na kwamba fedha za mifupa ndizo zinazonunua kuni. Ni hoja ya kweli na sikuipuuza. Nilimpa njia ya kati: mifupa ya miguu na mbavu aiuze, kwa maana haina ubongo wala ugwe ndani yake, lakini mafuvu na uti wa mgongo ayazike katika shimo refu lililofunikwa ili mbwa wasiyafukue, kwa kuwa mafuvu ni sehemu ndogo ya uzito wa gunia. Alihesabu kimoyomoyo, midomo ikitikisika, kisha akaniuliza shimo liwe na kina gani. Nilimwambia lipite urefu wa mtu mzima na liwe mbali na maji. Nilipolipa na kutoka, kijana alikuwa anayatoa mafuvu katika magunia na kuyaweka kando ya ukuta, na mzee wake alikuwa nyuma ya kibanda akipima ardhi kwa hatua.